Anaweza kupunguza, hawezi kuongeza: kazi ya mbunge ikitazamwa kutoka Njombe na Makambako

Mkutano wa hadhara wa mbunge, uwe Makambako, Lupembe au Makete, una swali moja linalozaa mengine yote: umetuletea nini? Anayeuliza hataki habari za muswada. Anataka barabara ya kutolea viazi shambani, zahanati iliyoishia kwenye linta, bomba lililopita kijijini bila kutoa maji. Mbunge naye anajibu kwa orodha: madarasa, transfoma, gari la wagonjwa. Wananchi wanapiga makofi au wanazomea, na pande zote mbili zinatawanyika zikiamini kwamba zimejadili kazi ya Bunge.

Hazikuijadili. Katika orodha ile hakuna kitu hata kimoja ambacho mbunge ana mamlaka ya kisheria ya kukitoa yeye mwenyewe. Na katika mambo ambayo Katiba imempa mamlaka, hakuulizwa hata moja.

Si kwamba mkoa huu ni mgeni wa Bunge. Njombe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na leo ina majimbo sita: Njombe Mjini, Makambako, Lupembe, Wanging'ombe, Makete na Ludewa. Ni hapa alikotoka Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini kuanzia 1995 hadi 2015 na mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika wa Bunge la Tanzania, mwaka 2010. Mkoa ulioipa nchi Spika bado unampima mbunge wake kwa mabati na saruji. Kwa hiyo chanzo cha mkanganyiko huu si umbali kutoka Dodoma. Kuna watu na vyombo vinavyonufaika nao.

Katiba imempa nini

Katiba ya 1977, ibara ya 63, inaliita Bunge chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kisha inataja njia za kufanya hivyo: kumuuliza waziri swali lolote linalohusu mambo ya umma, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti, kuidhinisha mipango ya maendeleo, kutunga sheria, na kuridhia mikataba. Neno kujenga halimo. Kugawa halimo.

Kwa vitendo, mwaka wa Bunge unazunguka bajeti. Kabla ya kila mkutano kamati hukutana, na hapo ndipo kazi nzito inapofanyika, mbali na kamera. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, ili mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 ukute fedha zimeshaidhinishwa. Utaratibu huu ulianza 2013, wakati wa uspika wa Makinda. Zamani Bunge lilikuwa likiendelea kujadili bajeti huku mwaka wa fedha umeshaanza.

Kikao cha kawaida huanza saa tatu asubuhi kwa dua, kisha maswali. Swali la msingi limepelekwa mapema kwa maandishi. Naibu waziri analisoma jibu lililoandaliwa na wataalamu. Mbunge anasimama na maswali mawili ya nyongeza, na hayo ya nyongeza ndiyo yanayomtoa jasho waziri, maana hayana karatasi. Alhamisi, Waziri Mkuu huulizwa papo kwa papo. Baada ya hapo hufuata hoja za siku, kila mchangiaji na dakika zake chache, kengele ya kwanza, kengele ya pili, ahsante sana Mheshimiwa, muda wako umekwisha.

Ipo silaha moja ambayo mtazamaji wa televisheni huiona bila kuielewa. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha fungu la wizara, mbunge asiyeridhika na majibu anaweza "kushika shilingi": anatoa hoja kwamba mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi moja. Kiasi hicho ni cha ishara tu, lakini hoja ikiungwa mkono mjadala unafunguka juu ya jambo hilo pekee, waziri akiwa amesimama mbele ya wenzake wote. Mara nyingi waziri huahidi, Spika husihi, na mbunge hurudisha shilingi. Mbunge makini hairudishi mpaka ahadi imetajwa pamoja na tarehe, kwa sababu kila neno linaingia kwenye Taarifa Rasmi.

Sasa ibara ya 99, ambayo haisomwi kwenye majukwaa. Bunge haliwezi kushughulikia pendekezo la kutoza kodi mpya, kupandisha kodi, au kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa pendekezo hilo limetoka kwa Rais na kuwasilishwa na waziri. Kupunguza kunaruhusiwa. Maana yake kwa mpiga kura wa Makambako ni hii: mbunge wake hana uwezo wa kuchomeka barabara mpya kwenye bajeti kwa hoja yake mwenyewe, lakini ana uwezo wa kusimama na kudai kwamba kodi, tozo au ushuru fulani ushuke. Sisi tunamdai aongeze, mahali alipofungwa mikono. Mahali alipofunguliwa hatumdai kitu.

Msimamo wa kwanza: mbunge ni mleta maendeleo

Wenye msimamo huu si wajinga, na wachambuzi wa mijini huwadharau haraka mno. Hoja yao ina mizizi. Nchi ambayo fedha nyingi za maendeleo zinakusanywa Hazina na kugawanywa kutoka Dodoma lazima izalishe siasa za kwenda Dodoma kuomba. Diwani hawezi kumfikia waziri. Mwenyekiti wa mtaa hawezi. Mbunge anakutana naye kwenye korido, kwenye mgahawa wa Bunge, kwenye kamati. Kumwambia mkulima wa Kitandililo kwamba mbunge hahusiki na barabara ni kumwambia aachane na mtu pekee anayemjua aliye karibu na fedha.

Mfumo wenyewe umeuimarisha msimamo huu. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Ni mjumbe wa Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambako vipaumbele vya barabara vinajadiliwa kabla havijafika wizarani. Na mwaka 2009 Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambayo inampa mbunge uenyekiti wa kamati inayoamua fedha za mfuko huo ziende kwenye miradi ipi. Baada ya hapo, kumlaumu mwananchi kwa kudhani mbunge ni mtoa fedha ni kumwonea.

Lakini udhaifu wa msimamo huu unaonekana pale mradi wenyewe unapofuatiliwa kutoka mwanzo. Chukua maji. Njombe, Makambako na Wanging'ombe zimo katika mradi maarufu wa miji 28, unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Mkataba wa mkopo ulisainiwa 2018. Mikataba na wakandarasi ilisainiwa Juni 2022. Nani aliuleta? Kwenye majukwaa kila mmoja aliuleta: mbunge, chama, waziri, Rais. Swali lenye faida lilikuwa jingine: miaka ile minne kati ya mkopo na mkandarasi ilikwenda wapi? Hilo ndilo swali la mbunge kwa asili yake, na ndilo lisilompa makofi jimboni, kwa sababu ukiuliza sana kwa nini mradi umechelewa unaonekana unaupinga.

Kuna na ubaya mwingine. Mbunge akiwa mwombaji, hawezi kuwa msimamizi mkali wa yule anayemwomba. Mei 2022, wakati wa bajeti ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge kudai barabara ya lami. Nchi nzima ilicheka. Kichekesho kile kilikuwa na ukweli mchungu ndani yake: mtu aliyepewa na Katiba mamlaka ya kumhoji waziri na kulikataa fungu lake aliona njia ya kusikilizwa ni kupinduka sakafuni.

Huo mfuko wa jimbo nao umepingwa tangu ulipoanzishwa, kwa hoja moja iliyo wazi: anayepaswa kukagua matumizi asiwe mtumiaji. Majirani zetu wameshalifikisha suala hilo mahakamani. Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua Agosti 2022 kwamba sheria ya mfuko wa maeneo bunge ya mwaka 2013 ilikuwa kinyume cha Katiba, pamoja na mambo mengine kwa sababu ilichanganya kazi ya mbunge na kazi ya Serikali. Hata hivyo, wabunge wa huko hawakuuachia mfuko. Walikuwa wameshatunga sheria nyingine 2015 na kuendelea. Haki ya kugawa, hata iwe ndogo, hakuna mwanasiasa anayeiachia kwa hiari yake.

Msimamo wa pili: mbunge ni msimamizi

Huu ndio msimamo wa wanasheria, wa asasi za kiraia, na wa Katiba yenyewe. Hoja yake ni kwamba miradi ina wenyewe: mkurugenzi wa halmashauri na madiwani wake, TARURA kwa barabara za wilaya, TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, RUWASA kwa maji ya vijijini. Mbunge yupo ili hao wote, na mawaziri walio juu yao, wajue kuna mtu anasoma hesabu.

Nguvu ya msimamo huu imewahi kuonekana, tena kwa mkono wa mkoa wa Njombe. Novemba 2014 Bunge lilijadili fedha zilizochotwa kutoka akaunti ya Tegeta Escrow katika Benki Kuu, zaidi ya shilingi bilioni 300. Kamati ya Hesabu za Serikali ilikuwa chini ya Zitto Kabwe, na makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa kwa tiketi ya CCM. Aliyekalia kiti alikuwa Makinda. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, alijiuzulu. Waziri Anna Tibaijuka aliondolewa. Sospeter Muhongo akaachia wizara ya nishati Januari 2015. Filikunjombe alifariki katika ajali ya helikopta Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi. Kabla ya hapo, Februari 2008, kamati teule ya Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu.

Matukio hayo mawili hutajwa kila mara, na kutajwa kwake kila mara ni dalili kwamba mifano haijajaa ghala. Usimamizi wa kila siku hauna mlipuko. Unahitaji mtu asome ripoti ya Mkaguzi Mkuu, ambayo Rais hukabidhiwa kufikia mwisho wa Machi, kisha huwasilishwa bungeni mkutano wa Aprili unapoanza. Aende ukurasa wa halmashauri yake. Alinganishe fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizopokelewa. Hizo ni namba mbili tofauti, na tofauti yake ndiyo zahanati iliyoishia kwenye linta. Bunge linaweza kupitisha mabilioni na Hazina ikatoa nusu. Mbunge aliyehesabu bajeti iliyopitishwa kama maendeleo yaliyoletwa amehesabu vifaranga ndani ya mayai.

Upande wa sheria, wa Ludewa wanajua uzito wake. Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilisaini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mkataba wa chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma. Mradi ukakwama kwenye mabishano ya vivutio na masharti. Julai 2017 Bunge lilipitisha sheria za kulinda maliasili za nchi, mojawapo ikilipa Bunge nguvu ya kuitaka Serikali ijadili upya masharti ya mikataba yasiyo na manufaa kwa taifa. Hapo sheria iligusa moja kwa moja ardhi ya watu waliosubiri fidia hadi 2023. Ila sheria hizo zilipitishwa kwa hati ya dharura, katika siku chache. Mbunge wa kawaida alikuwa na muda gani wa kurudi Ludewa kuuliza? Chombo kinachojisifu kwa kutunga sheria kimezoea kuletewa sheria zilizokwisha kuiva, kikazionja tu.

Udhaifu mkubwa wa msimamo huu wa pili, hata hivyo, ni wa kura. Mbunge anayeshinda kwenye kamati mwezi mzima akichambua hesabu hana cha kupiga picha nacho. Kule jimboni mpinzani wake anahudhuria misiba, anatoa rambirambi, anachangia kwaya na timu ya mpira. Wapiga kura wanamwambia msomi wa hesabu kwamba amepotea. Wanaopendekeza usimamizi mtupu hawajawahi kueleza mbunge wa aina hiyo atarudije bungeni.

Msimamo wa tatu: mbunge ni wa chama

Huu hausemwi hadharani lakini ndio unaoendesha mambo. Kwa ibara ya 71, mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza kiti. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza wabunge kadhaa, akiwemo Joseph Kasella-Bantu na Fortunatus Masha, na ubunge wao ukaishia hapo. Somo hilo halijasahaulika. Anayemteua mgombea ni chama. Anayeamua kama atagombea tena ni chama. Na kwenye mkoa kama Njombe, ambako CCM imezoea kushinda, mchujo wa ndani una uzito kuliko uchaguzi wenyewe.

Watetezi wa nidhamu ya chama wanasema Serikali isiyo na uhakika wa wabunge wake haiwezi kutekeleza ilani. Wana hoja. Na bajeti ina kitanzi chake: kwa ibara ya 90, Rais anaweza kulivunja Bunge lililokataa kupitisha bajeti ya Serikali. Mbunge anapoitwa jina lake kupiga kura ya bajeti kuu, ndiyo au hapana, kiti chake mwenyewe kiko mezani.

Lakini chama kimoja ukumbini si lazima kiwe ukimya. Mwaka 1973, katikati ya mfumo wa chama kimoja, Bunge liliukataa muswada wa kodi ya mapato. Mwalimu Nyerere akatishia kulivunja, muswada ukarudi na kupita. Filikunjombe hakuwa mpinzani. Tangu uchaguzi wa 2020 upinzani bungeni umebaki na viti vya kuhesabu, na uchaguzi wa Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kabisa. Katika hali hiyo mzigo wa kuisimamia Serikali umewaangukia wana CCM wenyewe, watake wasitake. Asipoushika mbunge wa Makambako au wa Wanging'ombe, hakuna mwenzake wa upande wa pili wa kumshikia.

Gunia la viazi getini

Nadharia zote tatu zinaweza kupimwa kwa kitu kimoja ambacho kila mtu wa Njombe anakijua: gunia la viazi mviringo linalotoka shambani, linapita geti la ushuru, linashuka Makambako kwenye njia panda ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Dar es Salaam.

Kwa miaka mingi halmashauri ziliruhusiwa kutoza ushuru wa mazao hadi asilimia 5 ya bei. Mwaka 2017, kupitia Sheria ya Fedha ya 2017/18, kiwango kilishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa kabisa. Tuseme gunia lina bei ya shilingi 60,000. Kwa asilimia 5 ushuru ni 3,000. Kwa asilimia 2 ni 1,200. Kwenye gari la magunia mia moja, tofauti ni shilingi 180,000. Hakuna mbunge aliyejenga kitu. Hakuna utepe uliokatwa. Lakini kila gari lililopita geti lile baada ya Julai 2017 lilibeba uamuzi wa Bunge.

Hapa lazima nikiri kwa upande wa pili wa mizani: pendekezo lilitoka serikalini, baada ya malalamiko ya miaka ya wakulima, wafanyabiashara na wabunge. Na lilikuwa na gharama. Ushuru wa mazao ndio uti wa mgongo wa mapato ya ndani ya halmashauri za kilimo. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukipunguza ushuru getini, kapu la mikopo nalo linapungua. Mama mwenye kikundi anaweza kuwa ndiye mama mwenye viazi: kwa mkono mmoja amepata nafuu, kwa mwingine amekosa. Kuna na swali la nani alibaki na zile shilingi 1,800. Kwa sheria, ushuru ni wa mnunuzi. Kwa vitendo dalali humkata mkulima kwenye bei, na ushuru uliposhuka hakuna sheria iliyomlazimisha aipandishe bei ya shambani.

Halafu lipo suala la lumbesa. Sheria ya Vipimo ipo, Wakala wa Vipimo upo, gunia la kupita kilo 100 limepigwa marufuku, na bado viazi vinasukiwa kofia juu ya gunia mpaka linafanana na kichuguu. Wabunge wa mikoa ya nyanda za juu wamelisema hili bungeni mara nyingi. Majibu ya Serikali yanafanana: sheria ipo, wanaokiuka wachukuliwe hatua. Angalia namna sheria hizi zinavyogongana. Magunia kumi ya kilo mia mia ni tani moja, msamaha wa ushuru unakuhusu. Magunia kumi ya lumbesa yameshapita tani. Mkulima amepunjwa na mnunuzi kwenye ujazo, kisha mzigo uleule unahesabiwa kuwa mkubwa mno kusamehewa. Msimamizi wa kweli angekamata hapo, angemuuliza waziri swali la nyongeza lenye namba: ni kesi ngapi za lumbesa zimefunguliwa mkoani Njombe mwaka jana, na ngapi zimeisha kwa adhabu? Swali la "lini Serikali itakomesha lumbesa" linajibika kwa sentensi moja isiyo na tarehe.

Mfano wa kinyume ni tozo ya miamala ya simu. Bunge liliipitisha Juni 2021 ndani ya Sheria ya Fedha, pamoja na shilingi 100 kwa lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za TARURA. Tozo ilipoanza kukatwa Julai, kelele zilitoka sokoni na vijiweni, na Serikali yenyewe ikaipunguza kwa asilimia 30 kufikia Septemba. Ibara ya 99 iliwapa wabunge ruhusa ya kupendekeza ipungue tangu Juni. Walikuwa na kalamu. Punguzo likaja kwa kelele za mtaani. Na ile shilingi mia ya mafuta, ambayo nafikiri ilikuwa na sababu nzuri zaidi, inalipwa na kila bodaboda wa Makambako hadi leo. Ni haki yake kuuliza imetengeneza kilomita ngapi jimboni kwake, na anayepaswa kuwa na jibu hilo mfukoni ni mbunge.

Uzito uko wapi

Msimamo wa kwanza umeipatia shida ya watu, umekosea chombo. Wa pili umepatia chombo, umesahau kwamba mbunge ni mtu anayetafuta kura. Wa tatu unaeleza kwa nini hao wawili hawakutani: chama na Serikali wanapendelea mbunge mwombaji, kwa sababu mwombaji hashiki shilingi ya mtu. Mbunge naye anaupenda uombaji, maana mradi ukija anasifiwa na usipokuja anailaumu Hazina. Anayepoteza kwenye mpango huo ni mpiga kura peke yake, na bahati mbaya ndiye anayeuendeleza kwa swali lake la mkutanoni.

Sidhani kwamba dawa ni kumkataza mbunge kufuatilia miradi. Kufuatilia ni usimamizi, mradi afuatilie fedha iliyokwisha kuidhinishwa, kwa namba, mbele ya baraza la madiwani na mbele ya waziri. Zahanati adaiwe mkurugenzi na diwani wa kata. Hao ndio wenye mpango na hao ndio wanaokusanya ushuru. Mfuko wa jimbo ningeuondoa mikononi mwa mbunge na kuuacha kwa halmashauri, ili abaki na uhuru wa kuuliza ulivyotumika. Kuna hasara katika hilo: kijiji kisicho na sauti kwenye baraza kitakosa mlango wa pembeni kilichokuwa nao. Naona ni hasara inayovumilika kuliko msimamizi anayejikagua.

Kwa mpiga kura wa mkoa huu, basi, mbunge akija tena kwenye mkutano, muulize ni kodi au ushuru gani alisimama kuupinga mwezi Juni. Muulize ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya Aprili ilisema nini kuhusu halmashauri yake, na yeye akasema nini. Muulize ni shilingi ya waziri gani aliyoishika, na aliirudisha kwa ahadi ipi. Akijibu kwa orodha ya madarasa, mrudishe kwenye swali.

Majibu yake yanaweza kuhakikiwa. Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge ziko kwa Kiswahili, ziko wazi kwenye tovuti ya Bunge, na kila aliyesema au kuuliza ameandikwa kwa jina lake.